Ng'ombe hufunguliwa nira, mama je?

Ndugu msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya kupumzika.

Huenda unacheka. Utasema, mkulima na kupumzika wapi na wapi? Kila mwezi tunaambiana: panda mapema, palilia mapema, vuna mapema. Leo tunaambiana tukae? Ngoja nikueleze.

Nilikuwa sokoni Soweto, mjini Mbeya, asubuhi moja ya mwezi wa saba. Baridi ilikuwa kali. Palikuwa na magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na watu wengi. Mama mmoja alishuka kwenye gari na magunia 2 ya viazi. Alitoka upande wa milima ya Uporoto. Mgongoni alibeba mtoto. Kabla hajakaa, dalali alimfikia, akataja bei. Bei ilikuwa ndogo. Na magunia yenyewe yalikuwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita mdomo wa gunia. Serikali imekataza lumbesa, lakini bado tunaiona. Yule mama akasema, "Haya, chukua tu."

Karibu yake alikaa bibi mmoja anayeuza maparachichi. Akamwambia, "Mwanangu, viazi vimekaa shambani miezi 3. Haviwezi kungoja chai?"

"Nimechoka, bibi. Nataka nirudi nyumbani."

"Ndiyo maana nakwambia ukae kwanza."

Yule mama akakaa. Akamshusha mtoto, akamnyonyesha. Akanywa chai. Hakusema neno. Chai ilipokwisha aliinuka, akaenda kuuliza bei kwa madalali wengine 2. Mmoja alikuwa na bei nzuri kidogo. Akamwuzia gunia moja. La pili alilifungua, akaanza kuuza mwenyewe kwa sado. Sikuona mwisho wa biashara yake, kwa maana nami nilikuwa na safari.

Lakini lile neno lake la kwanza lilinikaa moyoni: "Chukua tu." Halikuwa neno la mtu asiyejua hesabu. Lilikuwa neno la mtu aliyechoka. Uchovu ndio uliotaka kuviuza viazi vyake.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Mama wa kijijini huamka saa 11 alfajiri. Huwasha moto, huchota maji, huwaandaa watoto. Huenda shambani. Mchana hurudi na kuni kichwani. Hupika. Huosha vyombo. Huchota maji tena. Hupukuchua mahindi. Hupika chakula cha jioni. Hulala saa 3 usiku. Toka saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku ni saa ngapi? Ni saa 16. Mwulize alikaa saa ngapi bila kazi mkononi. Atafikiri sana kabla ya kujibu.

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitaja wazi. Lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na wanaume wa vijijini je? Azimio lilieleza kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. Maneno hayo yalikuwa makali. Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa, ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Watu wakahimizwa kulima kwa juhudi na maarifa. Ilikuwa sawa, kwa maana bila jembe hakuna chakula. Lakini mtu wa saa 16 ukimwambia aongeze juhudi, ataitoa wapi?

Mtu aliyeajiriwa ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa zake za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Kila mwaka apate likizo ya siku 28. Mkulima hana tajiri wa kumwandikia likizo. Akitaka kupumzika, ni lazima watu wa nyumbani kwake wapange.

Tazama ng'ombe wa kulima. Huko Usangu na Mbozi wakulima wengi hulima kwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe huanza kazi mapema, wakati wa ubaridi. Jua likiwa kali, huwafungua nira. Ng'ombe hunywa maji, hula majani, hulala kivulini na kucheua. Hakuna mtu anayesema ng'ombe huyo ni mvivu. Mwenye ng'ombe anajua kwamba akiwafanyisha kazi mchana kutwa, kesho hawatavuta jembe. Na mama aliyekuwa akifuata nyuma, akitupa mbegu, hutoka shambani saa ile ile. Lakini yeye njiani huokota kuni.

Tuna methali inayosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa. Sisi tukiisikia, tunashika lile jembe la siku ya tatu. Hebu soma mwanzo wake. Wazee walimpa mgeni siku mbili za kupumzika kabla ya kumpa jembe. Walijua ametembea. Basi, mwenyeji asiyepewa hata nusu saa ana kosa gani?

Baba mmoja atajibu, "Sisi hupumzika wakati wa kiangazi." Tuangalie. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni za msimu mmoja, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo kazi zote huja pamoja: kupanda, kuweka mbolea, palizi ya kwanza, palizi ya pili. Halafu ni kuvuna. Mvua zikikatika, huko Iringa na Njombe watu huingia bondeni kulima vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, mahali penye unyevu. Huleta mboga na mahindi mabichi wakati vilimani pamekauka. Ni kazi nzuri sana. Lakini imekula kiangazi chote. Kupumzika kwa kiangazi kumebaki mdomoni tu.

Na sasa ulanzi. Nitausema bila kuficha, maana mimi ni mtu wa huku. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, mwanzi mchanga unapokatwa ncha asubuhi na jioni. Basi msimu wa ulanzi na msimu wa palizi hukutana. Baba hutoka shambani saa 6, huoga, huenda kilabuni mpaka giza. Anasema amepumzika. Kilabuni anapata habari na anacheka na wenzake, hilo silikatai. Lakini asubuhi kichwa kinamgonga. Mwili uliopumzika hauamki hivyo.

Basi kupumzika ni nini? Ni kukaa bila kazi mkononi. Mama anayekaa kivulini huku akipukuchua mahindi bado yuko kazini, amebadilisha kazi tu. Baba anayetazama simu jioni nzima naye macho yake hayajakaa. Kaa. Tazama mlima. Sikia kuku. Usiseme kitu. Siku za kwanza utaona vibaya, kama mtu anayeiba. Mimi niliona hivyo. Nilikuwa nikisikia hatua za mtu, nashika jembe haraka ili asinione nimekaa bure.

Ajabu ni kwamba mtu akitulia ndipo mipango yake humjia. Hapo hukumbuka kuhesabu: tulivuna magunia mangapi? Watoto watakula mangapi mpaka mavuno mengine? Tuuze mangapi? Nyumba nyingi huuza mahindi mengi mara baada ya kuvuna, wakati bei iko chini. Mwezi wa kwanza na wa pili hununua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa. Inahitaji watu 2 waliokaa pamoja jioni moja, hawajachoka sana, na karatasi.

Muda huo haudondoki kama embe. Hutafutwa. Maharage yakilowekwa usiku huiva upesi, na kuni hupungua. Vijana wa kiume wanaweza kuosha vyombo, mikono yao haitapungua. Mwenye baiskeli achote madumu 2 ya maji kwa safari moja. Katika nyumba moja niliyoijua, baba alianza kuchota maji kila Jumamosi. Siku ya kwanza wenzake walimcheka njia nzima. Alirudi na ndoo nusu, nyingine imemwagika kwa hasira. Jumamosi ya pili walimcheka kidogo. Ya tatu mmoja wao alimfuata, naye kabeba ndoo yake.

Msimu ujao, ndugu yangu, utakapowafungua ng'ombe nira saa 5, usiende kilabuni moja kwa moja. Pita nyumbani. Mwulize mama kama maji yapo. Kama hayapo, ndoo iko mlangoni.