Kutawala si Kutesa

Katika mijadala ya wasomi kuhusu mazingira, Ukristo umesimamishwa kizimbani kwa muda mrefu. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira katika nchi za Magharibi imo ndani ya fundisho la Kikristo la mwanadamu kupewa mamlaka juu ya viumbe. Kwa maoni yangu, White aliisoma vizuri tabia ya Wakristo, ila Biblia yenyewe aliisoma kwa haraka.

Tazama sura ya kwanza ya Mwanzo. Mwanadamu hakutengewa siku yake mwenyewe. Aliumbwa siku ya sita, siku moja na wanyama wa nchi kavu. Tena, mara tu baada ya kukabidhiwa utawala, chakula anachopewa ni mimea itoayo mbegu na matunda ya miti. Ruhusa ya kula nyama haionekani mpaka sura ya tisa, baada ya gharika, nayo inafungamana na katazo la kula damu. Kwa hiyo agizo la kutawala, lilipotolewa mara ya kwanza, halikuwa na kisu ndani yake. Huyu ni mtawala asiyeruhusiwa kuwala watawaliwa wake, jambo ambalo baadhi ya viongozi wa bara letu wangefaidika kulitafakari hata nje ya teolojia.

Torati nayo haikumwachia mfugaji afanye apendavyo. Ng'ombe apurapo nafaka asifungwe kinywa. Punda aliyelemewa na mzigo asaidiwe, hata kama mwenyewe ni adui yako. Siku ya mapumziko ni ya mtumwa na mgeni, na ni ya ng'ombe na punda pia. Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali la Mungu kwa nabii aliyenuna: kwa nini asiuhurumie Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Wanyama ndio wanaofunga kitabu kizima.

Karne ya 7 mji huohuo wa Ninawi ulipata askofu, Isaka, mzaliwa wa upande wa Qatar. Alifundisha kwamba moyo wenye huruma huungua kwa ajili ya wanadamu, ndege, wanyama, hata mashetani, na hauwezi kustahimili kuona kiumbe chochote kikiumizwa. Kwake huruma hii haitengani na unyenyekevu: mnyama mkali akimkaribia mtu mnyenyekevu hutulia, kwa kuwa ananusa kwake harufu ya Adamu kabla ya anguko.

Najua pingamizi linalonisubiri: watu wanakosa dawa hospitalini, nawe Daktari unahubiri habari za punda? Ni pingamizi zito, lakini historia haiungi mkono dhana kwamba huruma ni kibaba kinachopungua kila kikichotwa. Mwaka 1824, jijini London, kasisi wa Kianglikana Arthur Broome aliitisha kikao kilichoanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwa waasisi alikuwamo William Wilberforce, yuleyule aliyepigana miaka mingi bungeni dhidi ya biashara ya watumwa. Broome mwenyewe alifungwa gerezani kwa madeni ya chama hicho.

Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika uliazimia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Serikali, kwa mwendo wake wa konokono, zimesema neno. Mimbari zetu je? Nimesikia mahubiri mengi juu ya zaka na ndoa. Juu ya mnyama, sikumbuki hata moja.

Na nafasi haikosekani. Kila msimu wa mavuno waumini huleta kuku na mbuzi kanisani kama sadaka. Kuku hulala sakafuni karibu na madhabahu, miguu imefungwa kamba, midomo wazi kwa kiu, huku kwaya zikipokezana. Kisha hubebwa vichwa chini hadi kwenye mnada. Ningefurahi kumwona mchungaji mmoja akiusimamisha mnada kwa dakika chache, amwombe mzee wa kanisa afungue zile kamba na kuwatilia maji.