Usiache Mbachao: Maoni Kuhusu Kamera ya Chama Chetu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Tangu muhula uliopita, Chama chetu cha Kiswahili kimegawanyika makundi mawili kama timu za kandanda. Kundi la kwanza linataka tuiuze kamera yetu kuukuu, Canon EOS 1300D, tuongeze pesa za mchango, halafu tununue Canon EOS R50, ile isiyo na kioo ndani. Kundi la pili linasema ngoja kwanza. Mimi ni wa kundi la pili. Mwenyekiti wetu ametangaza kwamba kura itapigwa muhula huu, kwa hivyo, msomaji mpenzi, kabla hujainua mkono wako juu, naomba unitegee sikio.

Hebu tuanze kwa kuelewana, maana nimegundua wengi wanabishania jambo wasilolijua. Tukisema kamera ya kioo hatuna maana ya lenzi. Ndani ya 1300D, nyuma tu ya lenzi, mna kioo kidogo kama kile cha kujitazamia, kilichoinamishwa nyuzi 45. Mwanga ukiingia hukigonga kioo hicho, hupaa juu, hugeuzwa na vioo vingine, na mwishowe hufika kwenye kitundu cha kuchungulia. Unachokiona hapo ni vitu vyenyewe, si picha ya vitu. Ukibonyeza kitufe, kioo huruka juu, pazia dogo hufunguka, na mwanga hupita hadi kwenye kibamba kiitwacho sensa. Hicho ndicho kinasacho picha. Ule mlio wa “kacha!” ambao humwamsha mwalimu anayesinzia kwenye mkutano ni wa kioo na pazia.

Katika R50, kioo kimeondolewa kabisa. Sensa hutazama nje wakati wote, na inachokiona huonyeshwa kwenye skrini ndogo iliyo ndani ya kitundu. Kwa hivyo unaiona picha hata kabla hujaipiga. Kama itatoka na giza, utaliona giza lenyewe na kulirekebisha papo hapo.

Sasa, sipendi mjadala wa kumpaka mpinzani matope. Nitasema ukweli: R50 ni kamera bora. 1300D ilitoka mwaka wa 2016 na R50 ikatoka mwaka wa 2023, na miaka hiyo saba haikupita bure. 1300D ina vituo 9 tu vya kulenga, vyote vimekusanyika karibu na katikati. R50 hutafuta jicho la mtu yenyewe, ikalishika, ikalifuata hata akikimbia. Inajua kutambua watu, wanyama na magari. 1300D hupiga picha 3 kwa sekunde. R50 hupiga 12, na inaweza kufika 15 ukiifanya inyamaze. Naam, inyamaze! Haitoi mlio wowote, jambo zuri sana mtu akiwa anakariri shairi jukwaani. Upande wa video pia, R50 hutoa zile za 4K ambazo yetu haiwezi. Hata uzito, mwili wa 1300D una gramu 485 na wa R50 una gramu 375. Mtu akiniambia ati kamera hizi mbili ni sawa, nitamwambia hajazishika.

Kama ni hivyo, mbona nakataa? Nakataa kwa sababu swali letu si kamera gani ni bora. Swali letu ni pesa hizi kidogo, za wanafunzi wa shule ya kutwa ambao wengine huja kwa miguu, zitatuletea faida gani zaidi. Nina hoja tatu.

Kwanza kabisa, tutazame hapo picha inaponaswa. Sensa za kamera hizi mbili ni za ukubwa mmoja, kama milimita 22 kwa 15. Ya 1300D ina megapikseli 18 na ya R50 ina 24. Ukisikia hivyo utadhani tumeachwa mbali. Lakini picha zetu huenda wapi? Huenda kwenye jarida hili unalolishika na kwenye ubao wa matangazo. Ukurasa mzima wa A4, ukichapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji megapikseli zisizofika 9. Yetu ina mara mbili ya hizo. Picha za jarida la mwaka jana zilizotoka na ukungu hazikukosa megapikseli, zilikosa mwanga na mkono uliotulia.

Hapo ndipo hoja yangu ya pili inapoingia. Nyote mnaujua ukumbi wetu. Madirisha ni madogo, taa ni chache, na siku ya mchezo wa kuigiza tunaziba hata hayo madirisha. Picha nyingi za chama hupigwa humo. Sasa, lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na ukubwa wa tundu hilo hutajwa kwa namba: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyokuja na 1300D yetu, ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta hadi mwisho inafika f/5.6. Lenzi inayouzwa pamoja na R50, ya milimita 18 hadi 45, ukiivuta hadi mwisho inafika f/6.3. Umeona? Ile ya kisasa ina tundu dogo zaidi! Ni kweli kwamba R50 inaweza kuongeza wepesi wa kuhisi mwanga hadi ISO 32000, na yetu kwa kawaida huishia 6400. Lakini ukiongeza wepesi huo sana, picha hujaa chembechembe kama uso uliomwagiwa mchanga.

Kuna lenzi nyingine ndogo, ya Canon pia, ya milimita 50, yenye tundu la f/1.8. Haivutiki. Ukitaka kumkaribia mtu, unatumia miguu yako. Lakini ukiilinganisha na ile yetu iliyovutwa hadi f/5.6, inapitisha mwanga karibu mara kumi. Mara kumi, jamani! Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya R50. Tukiitia lenzi hiyo kwenye kamera yetu kuukuu, tutapiga ndani ya ukumbi wetu picha ambazo R50 na lenzi yake ya kawaida itazitolea jasho. Fundi stadi akiwa na giza hanunui nyumba mpya. Hupanua dirisha.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Ni hii: nani ataishika kamera hiyo?

Kamera yetu ya sasa ina mikwaruzo. Mpira wa mahali pa kushikia umeanza kubanduka. Kwa sababu hiyo hakuna anayeiogopa. Mwalimu mlezi huitoa, jina huandikwa kwenye daftari, na mwanachama yeyote huondoka nayo Ijumaa na kuirudisha Jumatatu. Ndivyo tulivyoupata ule ubao wetu wa “Kitu na Jina Lake”. Mnaukumbuka? Mmoja alipiga picha ya ungo wa nyanya yake, mwingine kinu na mchi, mwingine kibatari, mwingine mbuzi ya kukunia nazi, na chini ya kila picha pakaandikwa jina. Nilikuwa nimesoma neno “kibatari” katika vitabu miaka mingi bila kujua ni taa gani hiyo. Wengi wetu ni hivyo hivyo. Msamiati tuliokuwa tunaukariri kama kasuku ulipata sura. Kuna mwanafunzi mmoja aliyejiunga nasi mwaka huu, ambaye hakuwa akifungua kinywa chake mikutanoni. Alileta picha ya ule ungo, akasimama mbele yetu akatueleza namna ya kupepeta na namna ya kupeta, na tofauti yake. Hata mwalimu aliandika.

Je, kamera ya bei ya zaidi ya kamera kuukuu mbili itaruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa? Tusidanganyane. Katika shule moja jirani, ambayo sitaitaja jina, wanachama walichangishana wakanunua kamera mpya ya kupendeza. Hivi sasa inakaa kabatini, ufunguo uko ofisini, na hutoka siku ya kutuza wanafunzi tu, ikiwa mikononi mwa mtu mmoja. Rafiki yangu ni mwanachama wa huko. Aliniambia ameigusa mara moja, na aliigusa akiwa anaipangusa vumbi. Siwalaumu waliofungia kabati hilo, kwa maana ni nani atakayelipa ikianguka? Lakini kitu cha chama ambacho wanachama hawakigusi si cha chama tena. Ni pambo.

Isitoshe, kamera yetu inafundisha. Kwa kuwa kitundu chake hakikuonyeshi picha itakavyotoka, ni lazima ufikiri. Mwanga unatoka wapi? Tundu liwe kiasi gani? Pazia lifunguke kwa muda gani? Ukikosea, unaiona picha baadaye kwenye skrini ya nyuma, unajiuliza sababu, unarudia. Sisemi kwamba ugumu ni kitu kizuri kwa sababu tu ni ugumu. Nasema sisi ni wanafunzi, na anayejifunza kuhesabu kwa vidole na kichwa hatapotea siku atakayopewa kikokotoo.

Najua wapinzani wangu wana majibu. Watasema kamera za kioo zinazikwa. Hilo nalikubali kwa kiasi. Mwaka wa 2021 Canon walieleza kwamba kamera yao kubwa ya kioo ya wapigapicha wa kulipwa, 1D X Mark III iliyotoka mwaka wa 2020, ndiyo ya mwisho ya ukoo wake. Lakini lenzi za aina inayoingia kwenye kamera yetu zilianza kutengenezwa mwaka wa 1987. Hebu hesabu ni miaka mingapi hiyo. Zimejaa madukani, nyingi zikiwa za mkono wa pili. Na sikia hili: kuna pete ya kuunganishia inayoziwezesha lenzi hizo kuingia kwenye R50. Kwa hiyo lenzi tutakayonunua leo haitatupwa. Siku chama kitakapokuwa na uwezo, tutanunua R50 na ile pete, na lenzi yetu itahamia huko. Tukinunua lenzi tutakuwa tumeanza safari kwa mguu ulio karibu.

Wengine watasema basi tutumie simu, mambo yaishe. Simu ni nzuri, lakini shuleni simu haziruhusiwi, na si kila mmoja wetu ana mzazi mwenye simu yenye kamera nzuri. Kamera ya chama ni ya mwenye nacho na asiye nacho.

Tusisahau pia historia yetu wenyewe. Mkenya Mohamed Amin alipopiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, ulimwengu mzima ulilia na misaada ikamiminika. Hakuwa na kamera inayotafuta jicho la mtu yenyewe. Jicho lilikuwa lake. Mwaka wa 1991 mlipuko ulimkata mkono wa kushoto mjini Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Sisi tuna mikono miwili mizima na tunalia kwamba kamera yetu ina vituo tisa tu!

Lakini nisije nikaonekana mpinga maendeleo. Kama wewe ni mpigapicha wa harusi, au unatengeneza video kila wiki, au unanunua kwa pesa zako mwenyewe na utaitunza mwenyewe, chukua R50 bila wasiwasi. Hata chama chetu, tukiamua siku moja kuingia katika filamu fupi, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Kwa mwaka huu, pendekezo langu ni hili. Tununue lenzi ya milimita 50. Tununue betri ya pili, ingawa hata hiyo moja, ikiwa nzima, hutoa kama picha 500 ukitumia kitundu cha kuchungulia. Tununue kadi mbili na mfuko imara wa kuibebea. Pesa zitakazobaki tumlipe nauli na chakula cha mchana mpigapicha wa hapa mtaani aje atufunze Jumamosi mbili. Na lile daftari la Ijumaa liendelee, ila safari hii tuanze na wale ambao jina lao halijawahi kuandikwa humo.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, ndiyo, lakini sote tunauketia. Siku ya kura ikifika, piga unavyoona, bora usipige kwa sababu ya kung'aa. Mimi mkono wangu utakuwa juu, upande wa kamera yenye mikwaruzo.