Kidole cha Mtoto Si Tiketi

Mwaka 2014 kijana wa miaka 14 alikwenda na wanafunzi wenzake Six Flags Great America, bustani ya burudani iliyoko Gurnee, Illinois, Marekani. Mama yake alishamlipia tiketi ya msimu. Kufika pale, akaambiwa aweke kidole gumba kwenye mashine. Aliporudi nyumbani mama akamwuliza: karatasi za tiketi ziko wapi? Mtoto akajibu kwamba mambo ya karatasi yamekwisha, siku hizi ni kidole.

Mama huyo alikwenda mahakamani, akadai kwamba hakuulizwa wala hakusaini chochote. Na kampuni yenye bustani ilijitetea vipi? Eti mtoto hakudhurika! Amechukuliwa alama asiyoweza kuibadilisha hadi kaburini, halafu anatakiwa kwanza aoneshe jeraha. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois iliitupa hoja hiyo. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2008 inataka mtu aelezwe kwa maandishi kinachochukuliwa, kwa nini na kwa muda gani, naye aridhie kwa maandishi. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 36 kumaliza shauri.

Nasema wazi: huu ni unyang'anyi, na mahali unapofanyika ndipo panaponichoma zaidi. Mtu haendi bustani ya burudani kufuata mashine tu. Anakwenda kutua mzigo: mtoto apige kelele atakavyo, baba apande farasi wa mbao bila haya, mama asahau bili hadi jioni. Pale langoni mzazi ana mfuko begani, mdogo yuko mgongoni, mkubwa anamvuta nguo: twende, twende! Nani atasimama asome kurasa za masharti? Waliotega mashine pale wanalijua hilo vizuri.

Disney walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 walianza kuwavisha wageni wa bustani zao za Walt Disney World, Florida, bangili zinazotoa mawimbi ya redio, katika mradi uliogharimu takriban dola bilioni moja. Bangili inafungua mlango wa hoteli, inalipia chakula, tena inasomwa kwa mbali mgeni anapopita. Edward Markey, wakati huo mbunge wa Marekani, alimwandikia mkuu wa kampuni wa siku hizo, Bob Iger, kuuliza habari za watoto zitatumikaje. Iger alijibu kwa ukali. Ukali wa nini? Mzazi yeyote ana haki ya kuuliza hivyo.

Watetezi wao husema ufuatiliaji unapunguza foleni. Haya, tuitazame foleni yenyewe. Tangu 1999 Disney walikuwa na FastPass, njia ya kukwepa foleni bila malipo. Mwaka 2021 wakaifuta, wakaanza kuuza nafasi hiyo hiyo kupitia programu ya simu. Wanajua foleni imejaa wapi, kisha wanakuuzia njia ya kuikwepa! Familia iliyodunduliza mwaka mzima inasimama juani, ikiwatazama wenye fedha wakipita pembeni.

Ndugu msomaji uliyeko Marekani, au unayejipanga kuwapeleka wanao Walt Disney World: kwenye lango la Disney nako utaambiwa uweke kidole, lakini unaweza kukataa, ukaonesha kitambulisho chenye picha. Kataa. Walio nyuma yako watanung'unika, waache wanung'unike.