Shule za pesa ya mgodi: tuangalie poto na ukuta mbele ya kutia sahihi

Sheria ya Migodi ya 2018 inaamuru kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Kampuni na wakaaji wanaandika pamoja kaye de sharji: shule ngapi, vituo vya afya vingapi. Pale tunabishana sana juu ya hesabu ya vyumba. Juu ya namna vitajengwa, tunanyamaza.

Wengine watasema Kindu si Bukavu. Ni kweli, ufa mkubwa wa ardhi unapita mashariki, kwenye maziwa ya Kivu na Tanganyika. Lakini Kabambare iko karibu na Tanganyika kuliko sisi, na pesa ya wachimbaji wengi inajenga nyumba Bukavu, Uvira na Kalemie. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la 6,8 lilibomoa nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Yenga asubuhi, lingine la 5,9 lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Makumi ya watu walikufa, wengine ndani ya kanisa.

Nyumba nyingi mpya ziko na poto za beto, kisha masoni anajaza matofali katikati. Watu wanazani ukuta ni wa kufunga nafasi tu, poto ndiyo inabeba. Udongo ukitikisika, mambo yanageuka. Ukuta ni mgumu lakini hauna unyumbufu: ndio unapokea nguvu ya kwanza, unapasuka kwa msalaba, na wakati ule unasukuma poto.

Shule iko na hatari yake ya pekee. Ukuta unafika nusu, juu yake dirisha refu toka poto mpaka poto. Nusu ya chini imeshikwa, haiwezi kucheza. Mchezo wote unaingia katika kipande kifupi cha juu, na pale poto inakatika. Nyumba ya etaji yenye magazini chini nayo iko na shida: juu kuta zimejaa, chini wazi. Chini ndiko kunalala kwanza.

Mchimbaji anaelewa hii bila kusoma ufundi. Ndani ya shimo, mti mnene usiofungwa vizuri juu na chini hausaidii kitu.

Dawa haihitaji utajiri. Dirisha likae mbali na poto, kipande cha ukuta kibaki kila upande. Mshipi wa beto uzunguke nyumba nzima juu ya kuta. Vyuma vidogo vinavyofunga vile virefu vikaribiane kwenye kichwa na mguu wa poto, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani. Kwa nyumba ya chini bila etaji, matofali yapandishwe kwanza kwa meno, kisha beto ya poto imwagwe kati yao. Hapo ukuta na poto vinashikana, vinakuwa kitu kimoja.

Basi wajumbe wetu wadai haya yaandikwe ndani ya kaye de sharji, pamoja na haki ya kuona vyuma mbele beto haijamwagwa. Beto ikishakauka, hakuna anayeweza kuhesabu kilicho ndani. Shule ile watakaa watoto wetu.