Mtoto Asiyelala Si Mchawi



Katika mitaa yetu ya Lubumbashi, mtoto akikosa usingizi, neno moja hutangulia mengine yote: mchawi. Anaamka usiku wa manane, anaziba masikio, anavua nguo, analia akiguswa. Jirani ananong'ona kwamba usiku huo alitoka kwenda kula watu. Kesho yake anapelekwa kwa mtu anayejiita mtumishi wa Mungu, ananyimwa chakula, anapigwa mpaka akiri. Wako waliokiri ili waachwe walale, na leo wanalala barabarani.

Kabla ya kumhukumu mwingine, najihukumu mwenyewe. Nikiwa mwalimu kijana, nilimchapa mwanafunzi wa darasa la pili kwa sababu alisinzia kila asubuhi. Mama yake alikuja akaniambia kwa upole: «Mwalimu, mtoto huyu halali. Shuka likimkwaruza, anaamka. Mbwa akibweka mbali, anaamka.» Nilimjibu kwamba amemlea vibaya. Nilikuwa na diploma ya ualimu, lakini sikuelewa nilichoambiwa.

Mama yule alisema kweli. Mmarekani A. Jean Ayres alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1972. Ubongo hupokea habari kutoka katika masikio, macho, ngozi, misuli na viungo, kisha huzipanga. Kwa watoto wengine kazi hiyo ya kupanga ni ngumu: mshono wa nguo unachoma kama mwiba, taa ndogo inaumiza, sauti ambayo sisi hatuisikii tena inawagonga. Mwili ulio katika hali ya kujilinda hauwezi kulala. Wataalamu wanabishana bado kama huu ni ugonjwa wa peke yake. Lakini tangu mwaka 2013 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kinautaja ugumu huo kati ya dalili za usonji, yaani otisme. Uchawi haumo.

Sheria yetu nayo iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mwenye kumshitaki kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3. Basi anayefanya hivyo katika chumba cha maombi ni mkosaji mbele ya sheria, hata akishika Biblia mkononi.

Lakini tusiwanyoshee kidole wengine tu. Ni nani anayebeba vipaza sauti kwenye kilio? Ni nani anayepiga ngoma za mkesha mpaka alfajiri, ukuta kwa ukuta na nyumba ya watoto? Mara nyingi ni sisi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Sisi tunamwibia nusu yake, kisha tunauliza ana pepo gani.

Mtaniambia: «Katekista, sala haina saa.» Kweli. Lakini Yesu alipokesha usiku kucha akiomba, alipanda mlimani, hakuamsha kijiji. Mtaniambia tena: «Wazee wetu walilala penye ngoma.» Waliolala ndio mnaowakumbuka. Yule aliyeshindwa kulala, nani alimwuliza?

Usingizi hauamrishwi, unatayarishwa. Mchana, mtoto huyu apewe kazi ya kutumia nguvu za misuli: kubeba maji kadiri ya umri wake, kusukuma, kupanda, kuruka. Jioni, mambo yafuate mpango uleule kila siku: kula, kuoga maji ya uvuguvugu, sala fupi, kulala. Redio na simu zizimwe mapema, mwanga upunguzwe. Avae nguo ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, isiyo na lebo shingoni. Chandarua kikimgusa usoni na kumkera, kivutwe juu na kukazwa. Kisiondolewe, kwa sababu malaria haina huruma. Wengi wao hawavumilii kupapaswa, ila hutulia wakikumbatiwa kwa nguvu za kiasi, wakikubali wenyewe. Sauti ya mama inayoimba polepole, bila kubadilika, hufunika kelele za ghafla za nje. Na mahali penye muuguzi au mganga anayejua watoto, apelekwe kwake, maana hata maumivu ya sikio au minyoo huzuia usingizi.

Hakuna linalodai fedha nyingi. Linalodaiwa ni uvumilivu wa wiki nyingi, na mtaa unaokubali kunyamaza. La kwanza ni kazi ya wazazi. La pili ni deni letu.

Mwanafunzi yule niliyemchapa, sikupata nafasi ya kumwomba msamaha. Ninyi bado mnayo nafasi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Karibu na mahali tunapofanyia mkesha kuna watoto wangapi? Tumewahi kuwauliza wazazi wao?

2. Tukisikia mtoto anaitwa mchawi katika jumuiya yetu, nani kati yetu atasimama kwanza kusema hapana?