Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri za Dar es Salaam: mtoto mchoraji na miaka mitano isiyo na mwenyewe

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: WACHORAJI WENYE UMRI WA MIAKA 13 HADI 18

Mashindano ya Bango la Amani ya klabu za Lions yalianza mwaka 1988. Washiriki wake ni watoto wa miaka 11, 12 na 13, na umri huo huhesabiwa kufikia tarehe 15 Novemba. Mtoto hajipeleki mwenyewe. Klabu ya Lions ya mahali anapoishi ndiyo inayoidhamini shule yake au kikundi chake, ikanunua seti ya mashindano, ikasimamia uchoraji, kisha ikachagua picha moja ya kusonga mbele. Picha hiyo huingia ngazi ya wilaya, yaani wilaya ya Lions, ambayo haina uhusiano na wilaya anayoiongoza mkuu wa wilaya, na ikifuzu huendelea hadi makao makuu ya Lions nchini Marekani, ambako hubakizwa picha 24. Mshindi hupewa dola 5,000. Wale 23 waliobaki, dola 500 kila mmoja.

Kanuni zake ni chache. Karatasi isipungue sentimita 33 kwa 50 wala isizidi 50 kwa 60. Isiwekwe fremu, kwa kuwa husafirishwa ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba. Kanuni yenye uzito kuliko zote ni ile inayokataza neno au tarakimu yoyote mbele ya picha; hata jina la mchoraji hukaa nyuma. Mtoto wa Mbagala asiyejua Kiingereza hapungukiwi na kitu mbele ya majaji, na pia hawezi kujificha nyuma ya neno AMANI lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya njiwa mweupe. Inambidi afikiri kwa mistari na rangi. Masomo mengi ya darasani hayamdai hivyo.

Klabu zenyewe asili yake ni Chicago, mwaka 1917, kwa wazo la Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi aliyekuwa haoni wala hasikii, aliwaomba wanachama wake wawe watetezi wa wasioona, na tangu hapo macho yamekuwa kazi yao kuu. Ndiyo sababu hapa Tanzania wengi huwajua kwa kambi za kupima macho na miwani ya bei nafuu. Wanachama hujitolea, ada wanalipa wenyewe, na fedha za shughuli hupatikana kwa harambee, matembezi ya hisani na michango ya wafanyabiashara. Klabu ya namna hiyo inaweza kuandaa siku moja nzuri ya watoto kuchora. Haina jengo, haina mwalimu wa kudumu, na uongozi wake hubadilika kila mwaka.

Zipo pia dosari ambazo ni za klabu zenyewe. Katika hafla nyingi za hisani, bango la plastiki lenye picha ya mgeni rasmi huwa kubwa kuliko picha zote za watoto zikijumlishwa. Mshindi akishapigwa picha na cheti chake, kazi za wenzake thelathini au arobaini hurudishwa kwenye kabati la mwalimu, na hapo ndipo safari ya picha hizo huishia.

Hata hivyo, tatizo ambalo barua hii inalipeleka kwa halmashauri linaanza pale klabu inapomaliza. Mchoraji akitimiza miaka 14 anakuwa amepitwa na mashindano. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi, jambo jema, lakini shule za sekondari zenye mwalimu wa uchoraji ni za kuhesabu. Upande wa pili, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana huufikia mlango huo akiwa na miaka 18, tena ndani ya kikundi. Kati ya bango la amani na mkopo wa vijana kuna miaka mitano isiyo na mwenyewe, na ndiyo miaka ambayo mkono wa mchoraji hukomaa au hufa.

Dar es Salaam iliwahi kuwa na majibu yake. Edward Said Tingatinga, aliyekuja mjini kutoka Kusini, alichora huko Oyster Bay miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu. Hakufungua shule. Ndugu na jamaa walikaa kando yake, wakajaza mandhari, wakachora mabawa ya ndege, hadi wakaweza kusimama wenyewe. Alipofariki mwaka 1972 kazi haikufa, na mwaka 1990 wafuasi wake walisajili ushirika ambao unafanya kazi hadi leo. Mwaka huohuo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa. George Lilanga, Mmakonde aliyeingia pale kama mlinzi wa usiku, alitoka akiwa mmoja wa wachoraji wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Mlango ulikuwa wazi, na hata mlinzi aliweza kuuliza rangi zinachanganywaje. Nyumba ile haipo tena pale Upanga. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, inafanya kazi kubwa, ila mtoto wa Chanika hafiki Mikocheni kwa nauli ya mwanafunzi aliyopewa ya kwenda shule na kurudi.

Kinachohitajika kwa halmashauri hakina gharama ya kutisha. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, na nyingi zina ukumbi wa kata au chumba cha shule ambacho Jumamosi hakina mtu. Chumba kimoja kwa kila halmashauri, bila tozo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kinatosha kwa kuanzia. Rangi na karatasi zinaweza kuombwa kwa klabu, ambazo huchangia kwa urahisi zaidi zikijua vifaa vitatunzwa na nani. Waangalizi wapo pia: Lions wana klabu za vijana ziitwazo Leo, zinazochukua wanachama wa miaka 12 hadi 30, na wachoraji wa ushirika wa Tingatinga wanaweza kulipwa posho wafundishe kwa njia ileile waliyofundishwa, ya kukaa kando ya fundi.

Kwa picha zilizokosa ushindi, upo ukuta. Kila ofisi ya halmashauri ina ukumbi wa mapokezi ambako wananchi husubiri leseni na vibali, mara nyingi wakitazama kalenda ya mwaka uliopita. Picha 20 za watoto wa kata mbalimbali, zikibadilishwa kila baada ya miezi mitatu na jina la shule likiwekwa chini, zingetazamwa na watu wengi kuliko maonyesho yoyote ya hoteli.

Wakurugenzi wanaombwa kuwaagiza maafisa utamaduni wakutane na klabu zilizo katika maeneo yao na kuvitaja vyumba hivyo kwa majina kabla ya 15 Novemba, siku ambayo kundi jingine la wachoraji wa miaka 13 litakuwa limemaliza nafasi yake ya mwisho.

Nakala: Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).