Wapime kwanza ndipo tushangilie

Kila baada ya miaka michache ulimwengu hutangaziwa kwamba wanasayansi wamekaribia kulitia jua chupani. Desemba 2022 habari hiyo ilitoka Livermore, nchini Marekani. Februari 2024 ikatoka Culham, Uingereza, ambako kinu kiitwacho JET kilikuwa kimetoa megajuli 69 za nishati katika jaribio moja la Oktoba 2023, miezi miwili kabla ya kufungwa baada ya utumishi wa miaka 40. Magazeti yalishangilia, na si vibaya. Hata hivyo, lipo swali ambalo mwalimu wa fizikia na mwanafunzi wake hawana budi kuliuliza kabla ya kujiunga na shangwe hizo: waliopima walipimaje?

Si swali la kejeli. Vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme leo hupasua viini vya atomi. Hivi vinavyotafutwa huviunganisha, nalo jambo hilo haliwezekani mpaka haidrojeni ichemshwe hata elektroni ziachane na viini vyake. Hali hiyo, ambayo si yabisi, si kioevu, wala si gesi ya kawaida, huitwa plazima. Katika kinu cha aina ya tokamaki, chenye umbo mfano wa tairi la gari, plazima hushikiliwa kwa nguvu za sumaku na joto lake hupita digrii milioni 100, ilhali kitovu cha jua hakifiki hata milioni 20. Hakuna kipimajoto kinachoweza kuchovywa humo kikasalimika. Lililobaki ni kuitazama kwa mbali na kusoma inachokitoa: nuru, mionzi tusiyoiona kwa macho, na nyutroni. Karibu yote tuyajuayo kuhusu moyo wa kinu hicho yametokana na ushahidi wa namna hiyo, na shahidi huweza kusema kweli akaeleweka vibaya.

Hayo yaliwapata Waingereza mwaka wa 1958. Januari mwaka huo walitangaza kwamba mtambo wao ZETA, uliokuwa Harwell, ulikuwa umefikia joto la digrii milioni 5 na kutoa nyutroni zilizodhaniwa kuwa zao la kuungana kwa viini. Sir John Cockcroft, mshindi wa tuzo ya Nobel, aliwaambia waandishi wa habari kwamba alikuwa na hakika kwa asilimia 90. Joto hilo lilikuwa limekadiriwa kwa kutazama upana wa mistari ya rangi katika nuru ya plazima, maana kadiri atomi zinavyokwenda mbio huku na huko kwa sababu ya joto, ndivyo mstari unavyotanuka. Lakini mstari hutanuka pia plazima nzima inaposukwasukwa kama bahari yenye dhoruba. Nuru haikudanganya, waliifasiri kwa pupa. Kufikia Mei dai hilo lilikuwa limeondolewa.

Ndiyo maana Lev Artsimovich wa Muungano wa Sovieti aliposema mjini Novosibirsk, Agosti 1968, kwamba tokamaki yao T-3 ilikuwa imefikia digrii zipatazo milioni 10, wengi wa Magharibi walimtazama kwa shaka. Alilolifanya lafaa kusimuliwa katika kila darasa la sayansi. Badala ya kushindana kwa maneno, aliwaalika Waingereza waje Moscow na vipimo vyao wenyewe. Tukumbuke zama zilivyokuwa: mwezi huohuo vifaru vya Sovieti viliingia Czechoslovakia. Licha ya hayo, wataalamu wa Culham walisafiri na tani zipatazo 5 za mitambo, wakaipiga plazima kwa mwale wa leza na kuisoma nuru iliyotawanywa na elektroni. Mwaka wa 1969 walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Warusi walikuwa wamesema kweli, na maabara nyingi duniani zikageukia tokamaki.

Kazi ya kupima haikuishia kwenye joto. Kinu kina wezi wake, na mmoja wa wezi wakubwa ni hiyo mionzi yenyewe. Haidrojeni tupu hutoa mionzi kidogo, lakini chembe za ukuta zikichomoka na kuingia ndani mambo hubadilika. Mwaka wa 2011 JET ilirejea kazini ikiwa imevuliwa vigae vya kaboni na kuvishwa berili na tangsteni. Tangsteni ni metali isiyoyeyuka upesi, na hiyo ndiyo sifa yake. Ila yake ni kwamba atomi moja ina elektroni 74, na hata katika joto lile kali haziishi zote kung'oka. Zinazosalia huendelea kutoa mionzi na kuitapanya nishati. Chembe chache tu za tangsteni katika kila chembe laki moja za plazima zaweza kuuzima moto wote.

Chombo cha kumfichua mwizi huyo ni bolomita, aliyoibuni Mmarekani Samuel Langley katika karne ya 19 kwa ajili ya kupima joto la jua. Bolomita ya kinu ni kipande cha metali, aghalabu dhahabu, kilicho chembamba kuliko unywele. Mionzi hukipasha joto, ukinzani wa waya uliogusana nacho hubadilika, na badiliko hilo husomwa kwa daraja la Wheatstone. Naam, daraja lilelile ambalo wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa lina kazi gani duniani.

Bolomita moja hujua jumla ya mionzi iliyoijia katika mstari mmoja, basi. Haiwezi kusema kama ilitoka katikati au pembeni. Kwa hiyo bolomita nyingi hupangwa nyuma ya vitundu, pande mbalimbali za kinu, na hesabu ndizo zinazochora picha ya ndani. Hisabati hiyo ni ndugu ya ile inayotumiwa na mashine za CT hospitalini, na hapa Afrika ina sehemu yake. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari tatizo hilo mwaka wa 1956 alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na mwaka wa 1979 akatunukiwa Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield.

Lakini pana tofauti kubwa. Mgonjwa hulala tuli, mashine ikamzunguka na kumpima kwa maelfu ya mistari. Plazima haitulii, nayo huchunguliwa kupitia nafasi chache zilizoachwa baina ya sumaku na vyuma. Picha nyingi zinazotofautiana zaweza kukubaliana na vipimo vilevile, na mtafiti hulazimika kuongeza dhana zake juu ya jinsi mng'ao unavyopaswa kuenea. Picha za rangi tuonyeshwazo, basi, si kama zile za mpiga picha wa arusi. Ni makadirio, tena ya watu stadi, na anayeyatoa bila kutaja mipaka ya uhakika wake anamhadaa msomaji.

Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, nchi za Ulaya, Marekani, Urusi, Uchina, Japani, India na Korea Kusini zinajenga kinu kikubwa zaidi, ITER. Mpango uliotangazwa mwaka wa 2024 unaonyesha kwamba utafiti wake utaanza mwaka wa 2034, na kwamba ukuta wake wa ndani utakuwa wa tangsteni badala ya berili. Humo mionzi itakuwa adui katikati na rafiki pembezoni: gesi kama neoni itapulizwa ukingoni makusudi, ili joto litawanyike kwa nuru badala ya kuuchoma ukuta mahali pamoja. Nani atajua kama mng'ao umebaki ukingoni au umepenya hadi moyoni? Ni hizo bolomita na picha zake za kukadiriwa.

Hata hesabu ya ushindi hutegemea mahali pa kupimia. Leza za Livermore zilipeleka megajuli 2.05 kwenye shabaha, zikatoka 3.15. Huo ni ushindi wa kweli, ila leza zenyewe zilikula umeme wa megajuli 300 hivi. Megajuli 69 za JET nazo zilikuwa pungufu ya joto lililotumiwa kuipasha plazima. Wanasayansi hawakuyaficha haya. Vichwa vya habari ndivyo vilivyokosa nafasi nayo.

Mwanafunzi wetu aghalabu hufunzwa kwamba jibu sahihi ni lile lililo nyuma ya kitabu, naye huvirekebisha vipimo vyake vya maabara vilingane nalo. Walimu wanajua tunalolisema. Twaomba wenye kutunga na kusahihisha mitihani wampe alama anayeandika kipimo jinsi alivyokiona, pamoja na kiasi anachokitilia shaka. Wala vifaa si ghali. Betri, waya za ukinzani na galvanomita nyepesi ya kuhisi vyatosha kuunda daraja la Wheatstone. Mkono wake mmoja uwe waya mwembamba wa chuma uliopakwa masizi, kisha taa yenye joto isogezwe karibu nao, na sindano itacheza. Hiyo ni bolomita, na darasa lolote la shule ya upili laweza kuiunda kabla ya kengele ya adhuhuri.